Maswali ya wasomaji: ritifaa inayokula salio, fonti zinazohama na flashi ya uongo

Barua za safari hii zimejaa alama moja ndogo kuliko punje ya ulezi: ritifaa, ile koma ya juu inayokaa kwenye ng'ombe na ng'ambo. Tunaanza nayo, kisha fonti, kisha vyuma.

Shule yetu hutuma meseji kwa wazazi 400 kupitia huduma ya SMS za jumla. Ujumbe mfupi, haufiki hata herufi 100, umehesabiwa SMS mbili kwa kila mzazi. Zimekatwa 800. Wenye huduma wanasema mfumo hauna tatizo. Tumeibiwa? – Mhasibu wa shule, Nakuru

Hamjaibiwa. Ujumbe mliotutumia ni huu: "Wazazi, kikao ni Jumamosi saa 3:00 asubuhi ukumbini. Tutajadili ununuzi wa ng’ombe wa maziwa." Una herufi 93 ukihesabu na nafasi. Kosa limekaa kwenye neno ng’ombe. Iangalieni vizuri ritifaa yake: imepinda kama mkia wa koma. Ile ya kibodi husimama wima (').

SMS moja hubeba baiti 140 basi. Alfabeti ya kawaida ya simu, GSM-7, hutumia biti 7 kwa kila herufi. Baiti 140 ni biti 1,120, ukigawa kwa 7 unapata zile 160 tunazozijua. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye alfabeti hiyo. Iliyopinda haimo. Ikipenya moja tu, ujumbe mzima unahamishiwa kwenye mfumo wa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi inashuka hadi 70. Herufi 93 hazienei kwenye 70, kwa hiyo zinagawanywa. Ng'ombe wenu wameanza kula hata kabla hawajanunuliwa.

Ujumbe mrefu una hesabu yake. Kila kipande hutoa baiti 6 za kuunganishia, hivyo zinabaki herufi 153 kwa kipande katika GSM-7, na 67 katika ule mfumo mwingine. Ujumbe wa herufi 150 wenye ritifaa moja iliyopinda unakuwa SMS 3.

Aliyeipinda ni Word. Ujumbe uliandikwa huko kisha ukabandikwa kwenye tovuti ya kutumia. Mkitaka kuzuia, fungueni File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, kisha kichupo cha AutoFormat As You Type, mwondoe tiki kwenye mstari wa "smart quotes". Kwa yaliyokwisha kuandikwa, zimeni kwanza mpangilio huo, halafu Ctrl+H: tafuta ', badilisha kwa ', zote. Inaonekana kichekesho kubadilisha kitu kwa chenyewe, lakini Word hutafuta zote mbili na kuandika iliyonyooka. Mkifanya bila kuzima mpangilio, atazipinda tena zote. Kwenye iPhone zimeni Smart Punctuation ndani ya mipangilio ya kibodi.

Wako na wengine wanaojificha humo humo: kistari kirefu (–), nukta tatu zilizoungana kuwa alama moja (…), alama za kunukuu zilizopinda, nafasi isiyokatika inayotoka kwenye tovuti, na emoji ya aina yoyote. Alama ya € na mabano ya mraba zimo kwenye GSM-7 ila kila moja inahesabiwa herufi mbili. Kabla ya kutuma kwa 400, tuma kwa namba yako moja uone salio limekatwa kiasi gani.

VLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta kwenye orodha, inaniambia #N/A (haijapata) kwa kijiji cha Ng'iresi, na kijiji kipo kwenye orodha, nakiona kwa macho yangu. – Karani wa ushirika wa wafugaji, Arusha

Macho yanaona Ng'iresi mmoja, Excel inaona wawili. Kwenye seli tupu andika =UNICODE(MID(A2,3,1)), yaani niambie namba ya herufi ya tatu. Ukipata 39, ni ritifaa iliyonyooka. 8217 ni iliyopinda. 8216 ni iliyopinda kinyume. Hiyo hutokea mtu anapoandika "Ng 'iresi" penye Word, Word ikadhani nukuu inafunguka, kisha akafuta nafasi. 96 na 180 ni alama za kwenye kona ya kibodi ambazo watu huzibonyeza wakiamini ni ritifaa. Data ikikusanywa na watu watatu, kwa kawaida utakuta namba tatu.

Zirudishe zote kuwa 39 kwenye safu mpya:

=TRIM(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(8217),"'"),UNICHAR(8216),"'"),"`","'"),UNICHAR(180),"'"),UNICHAR(160)," "))

Ile 160 ni nafasi isiyokatika, ambayo TRIM peke yake haiigusi. Nakili safu mpya, bandika thamani tu juu ya ile ya zamani, na fanya hivyo kwa orodha zote mbili. Ukisafisha moja tu tatizo linabaki lile lile kwa sura nyingine. UNICHAR na UNICODE zipo kuanzia Excel 2013.

Umeuliza pia kwa nini faili la CSV limefunguka na "Ngâ€™iresi". Ritifaa iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, na Excel imezisoma kwa msimbo wa zamani wa Windows ambamo kila baiti ni herufi yake. Usifungue kwa kubofya faili mara mbili. Pitia Data, From Text/CSV, na mahali pa asili ya faili chagua 65001: Unicode (UTF-8). Ukifungua vibaya kisha ukahifadhi, uharibifu umeandikwa ndani, na kazi ya kuurudisha ni kubwa kuliko ya kuomba faili upya.

Basi ritifaa ipi ni sahihi kwenye kitabu? – Mhakiki wa miswada, Dar es Salaam

Kwenye kurasa za kuchapwa, iliyopinda, U+2019 (namba yake kwenye Unicode, orodha ya dunia ya herufi za kompyuta): inakaa vizuri baada ya g na haiachi pengo. Kwenye data, SMS, nywila na majina ya mafaili, iliyonyooka. Kuna ya tatu, U+02BC, ambayo Unicode huihesabu kuwa herufi na si alama ya uandishi. Kinadharia ndiyo inayostahili ng', kwa sababu ng' ni sauti moja. Tatizo ni kwamba hakuna anayeichapa. Ukiiweka kwenye kitabu cha kielektroniki, msomaji akitafuta ng'oa kwa kibodi yake huenda asiione ng'oa hata moja. Hatuipendekezi.

Ukiihitaji kwa kazi ya isimu, andika 02BC kwenye Word kisha Alt+X. Word hurudi nyuma kukusanya tarakimu za msimbo mpaka ikutane na kisicho tarakimu, na a mpaka f nazo ni tarakimu kwake. Baada ya g huna wasiwasi. Baada ya a itaimeza a hiyo na kukupa kitu kingine, kwa hiyo tanguliza nafasi kisha uifute.

Fomu niliyoitengeneza inaanguka kila anapojisajili mtu mwenye jina Ng'ang'a. – Mwanafunzi wa programu, Dodoma

Unaunganisha maneno kutengeneza swali la SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Ukiandika WHERE jina = 'Ng'ang'a', hifadhidata inasoma jina "Ng", inaona nukuu imefungwa, na "ang" inayofuata haina maana kwake. Usizuie ritifaa kwenye fomu. Jina la mtu ni jina lake. Tumia vigezo: WHERE jina = ?, kisha peleka jina kando kupitia maktaba ya lugha unayotumia. Na ufanye leo, maana mlango unaoangushwa na Ng'ang'a bila kukusudia ndio huo huo mtu mbaya anaupitia kwa kukusudia.

Nyaraka ninayoiandaa kwenye laptopu ni ukurasa mmoja kamili. Nikiipeleka steshenari kuchapa inakuwa kurasa mbili na jedwali limevunjika. – Katibu wa kikundi, Mwanza

Kuna sababu mbili, na mara nyingi zote zinakuwapo. Ya kwanza ni fonti. Word mpya, tangu 2023, huanza na Aptos. Kabla yake, tangu Office 2007, ilikuwa Calibri. Kompyuta ya steshenari yenye Office ya zamani haina Aptos, hivyo inachukua fonti nyingine bila kukuuliza. Herufi zikiwa pana kidogo tu, mstari unamwaga neno chini, mistari inaongezeka, na jedwali linasukumwa. Ukitazama jina la fonti pale juu bado litasomeka Aptos, na hilo ndilo linalowachanganya wengi: ni jina lililoombwa, fonti yenyewe haipo.

Sababu ya pili ni karatasi. Laptopu iliyowekwa mipangilio ya Marekani huanza na Letter, milimita 216 kwa 279. Printa ya steshenari ina A4, 210 kwa 297. Weka A4 kabla hujaandika neno la kwanza.

Dawa ya yote mawili ni kupeleka PDF. Baada ya kuihifadhi, ifungue kwa Adobe Reader, bonyeza Ctrl+D, nenda kichupo cha Fonts. Kila fonti iwe na neno Embedded. Kama ni lazima wahariri pale pale, chagua fonti iliyo kila mahali kama Arial au Times New Roman, au ndani ya File, Options, Save weka tiki ya kupachika fonti ndani ya faili. Fonti nyingine leseni yake hairuhusu kupachikwa, na Word haitakupigia kelele juu ya hilo.

Kwa wanaotumia LibreOffice: Carlito ina upana uleule wa Calibri herufi kwa herufi, Caladea ule wa Cambria, Liberation Sans ule wa Arial na Liberation Serif ule wa Times New Roman. Zikiwemo, mistari haihami. Aptos haina mwenzake wa namna hiyo kwenye orodha hii, basi ukijua faili litapita LibreOffice usiitumie.

Kwenye kadi za harusi, herufi ĩ na ũ zinatoka na umbo tofauti na neno lililobaki. – Mbunifu wa kadi, Thika

Fonti ya mapambo uliyoipakua haina herufi hizo. Nyingi za bure huishia kwenye herufi za Ulaya Magharibi, hadi U+00FF. Herufi ndogo ĩ ni U+0129 na ũ ni U+0169, zipo ukurasa unaofuata. Programu inaziazima kwenye fonti nyingine ndipo Gĩkũyũ inaonekana kama imeandikwa na watu wawili. Kabla ya kumwonyesha bwana harusi sampuli, chapa Ĩ ĩ Ũ ũ kwa fonti hiyo. Kiswahili chenyewe hakitakuonya, kwa sababu herufi zake zote zimo kwenye kila fonti ya Kilatini, na hata Q na X zinabaki bila kazi.

Usiridhike na kuiweka tilde, kile kialama cha wimbi (~), juu ya i kwa mkono. Itahama ukikuza maandishi, na nukta ya i itabaki chini yake.

Natengeneza kadi za kusomea darasa la kwanza. Watoto wanachanganyikiwa kwa sababu a ya kitabuni si ile ninayoandika ubaoni. – Mwalimu, Kigoma

Mwalimu, ipo fonti iliyotengenezwa kwa shida hiyo hasa, na jina lake ni Andika. Waundaji wake, SIL, wamelichukua kwenye Kiswahili. Ina a ya mviringo na mkia kama ya ubaoni, g ya kitanzi kimoja, na I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hazifanani. Ni ya bure kwa leseni ya OFL: unaweza kuchapa vitabu na kuviuza, usichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Kwa kadi weka pointi 36 au zaidi, kwa sentensi za kusoma pointi 18. Acha nafasi kubwa kati ya mistari kuliko unavyodhani inatosha.

Tuna barua za Kiswahili za herufi za Kiarabu nyumbani. Nataka kuzichapa kwenye kompyuta. Nikitumia kibodi ya Kiarabu sipati p, ch wala v. – Msomaji, Lamu

Kabla ya kibodi kuna uamuzi. Waandishi wa zamani mara nyingi walitumia ب kwa b na p pia, ف kwa f na v, غ kwa gh, g na ng. Irabu tano zilibebwa na harakati tatu, yaani alama za irabu za juu na chini ya herufi: kasra kwa i na e, dhumma kwa u na o. Neno بَاتَ kwenye barua laweza kuwa bata au pata, na maana ya sentensi ndiyo huamua. Ukiandika پ pale ambapo mwandishi aliandika ب, umekwisha kumtafsiria. Kwa hiyo fanya safu mbili: ya kwanza nakili nukta kwa nukta kama ilivyo kwenye karatasi, ya pili andika kwa herufi za Kilatini kama unavyosoma. Harakati zisiachwe, na alifu iliyowekwa kuonyesha silabi yenye mkazo isifutwe.

Kwa herufi za ziada, kwenye Word andika msimbo kisha Alt+X: 067E ni پ, 0686 ni چ, 06A4 ni ڤ, 06AF ni گ. Harakati kwenye kibodi ya kawaida ya Kiarabu ya Windows ziko chini ya Shift: Q ni fataha, E ni dhumma, A ni kasra, X ni sukuni.

Utashawishika kubadili kibodi uweke ya Kiajemi, kwa kuwa ina پ چ گ tayari. Angalia sana hapo. Ya na kafu zake, ی (06CC) na ک (06A9), si zile za Kiarabu ي (064A) na ك (0643), ingawa zikiwa katikati ya neno jicho haliwezi kuzitofautisha ya mbili hizo. Ukianza na kibodi moja ukamalizia na nyingine, utafutaji utakupa nusu ya barua zako. Ni kisa kilekile cha Ng'iresi.

Fonti: Scheherazade New au Amiri, zote za bure. Nafasi ya mistari iwe 1.5, na isiwe ya kipimo kilichofungwa, la sivyo harakati za juu hukatwa vichwa. Ukipeleka maandishi kwenye programu ya kubuni ukaona herufi zimeachana na zinakwenda kushoto kwenda kulia, programu hiyo haiungi Kiarabu. Usihangaike kuzipanga kwa mkono, badilisha programu.

Jarida letu lina safu tatu nyembamba. Maneno mengi yana mstari mwekundu, na Word inakata "kit-abu" na "nyum-ba". – Mhariri wa jarida la parokia, Morogoro

Word inaamini unaandika Kiingereza. Lugha ni sifa ya maneno yenyewe, kama ukubwa au rangi, kwa hiyo chagua yote kwa Ctrl+A kisha bofya jina la lugha kwenye ukanda wa chini uweke Kiswahili. Badilisha pia kwenye mtindo wa Normal, la sivyo kila aya mpya inarudi Kiingereza. Word inahitaji kifurushi cha lugha cha Kiswahili; LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, uichague wakati wa kusakinisha. Mstari mwekundu hautaisha wote. Kitenzi kimoja kama soma huzaa nitakapowasomesha, hatutasomeana na wenzao wengi, na hakuna orodha inayowamaliza. Ongeza maneno yako kwenye kamusi ya mtumiaji, ila kila unapobofya kuongeza, lisome neno mara mbili: kosa likiingia humo halitapigiwa mstari tena.

Ukataji wa maneno ufanye kwa mkono. Zima ukataji wa kujiendesha, weka kishale mahali pa kukata, bonyeza Ctrl na kistari. Kiungio hicho hakionekani mpaka neno lifike ukingoni. Silabi ya Kiswahili huishia kwenye irabu, na konsonanti zilizoungana huvuka pamoja: ki-ta-bu, nyu-mba, mwa-na-fu-nzi, ng'o-mbe. Maneno ya mkopo hufuata njia yake, lab-da, daf-ta-ri. Usiache herufi moja peke yake mwisho wa mstari, hata kama m ya m-ti ni silabi halali.

Na kama safu bado zina mashimo meupe, acha kunyoosha ukingo wa kulia. Maneno yetu ni marefu. Safu ya sentimita 5 iliyonyooshwa pande zote mbili haipendezi kwa ujanja wowote. Siku mtakayoweka makala mtandaoni, ondoeni viungio hivyo kwanza: Ctrl+H, tafuta ^-, badilisha kwa pasipo kitu.

Ratiba ya zamu naitunza kwenye Excel kwa saa za kimataifa, lakini wafanyakazi wanataka saa za Kiswahili. – Msimamizi wa zamu, Tanga

Saa ikiwa A2: =MOD(HOUR(A2)+5,12)+1&":"&TEXT(MINUTE(A2),"00"). 7:00 inakuwa 1:00, 12:30 inakuwa 6:30, 18:00 inakuwa 12:00. Wengi hujaribu TEXT(A2,"mm") kwa dakika na kupata namba ya ajabu. Mm ikiwa peke yake Excel huisoma mwezi.

Ongeza neno asubuhi, mchana au usiku kwenye safu ya pili, kwa sababu 1:00 sasa ni mbili kwa siku. Zamu ya saa 23:00 Ijumaa iandike "saa 5 usiku wa kuamkia Jumamosi". Ukiandika Jumamosi tupu, atakuja mtu siku inayofuata.

Saa ya kompyuta inarudi nyuma kila nikiiwasha, na tovuti zote zinasema si salama. – Msomaji, Mbeya

Kwanza angalia inarudi kiasi gani. Kama ni saa tatu kamili, na una Windows pamoja na Linux kwenye mashine moja, betri haina kosa. Linux huweka saa ya bodi kwa UTC, saa ya rejea ya dunia, Windows huisoma kama saa ya hapa, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya UTC. Kwenye Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, rekebisha saa, yamekwisha.

Ikirudi miaka kadhaa nyuma, betri ya bodi mama imekufa. Tovuti zinakataa kwa sababu cheti cha usalama kina tarehe ya kuanza na kuisha, na kompyuta yako inadhani cheti hakijaanza kazi. Betri ni CR2032: kipenyo milimita 20, unene 3.2, volti 3. CR2025 inafanana nayo ila ina unene wa 2.5, hulegea kwenye kishikio na kukupa tatizo la kuja na kuondoka. Mpya kwenye mita husoma volti 3 na kidogo. Chini ya 2.7 badilisha.

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10, sukuma kibanio cha pembeni, weka mpya upande wa + juu. Kwenye laptopu nyingi betri hiyo imefungwa kwa plastiki na ina nyaya mbili na plagi ndogo. Nunua yenye plagi inayofanana. Kabla ya yote piga picha ya mipangilio ya BIOS (programu ya bodi inayowasha kompyuta), hasa namna ya kuisoma diski: ikiwa ilikuwa RAID ikarudi AHCI, au kinyume chake, Windows inaweza kukataa kuwaka. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows, uwe na ufunguo wa kurejeshea mkononi.

Flashi ya TB 2 niliyoinunua kwa bei nafuu inaonyesha majina ya video zote, lakini nyingine hazifunguki. – Msomaji, Mombasa

Tofauti ndogo ya ukubwa ni ya kawaida: mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024, ndiyo maana flashi halali ya GB 64 husomeka karibu 59.6. Yako ni habari nyingine. Kidhibiti kilicho ndani kimefundishwa kusema TB 2 wakati kumbukumbu halisi ni ndogo mno. Ukishavuka ukubwa wa kweli, data inatupwa au inaandikwa juu ya ile ya mwanzo. Majina unayaona kwa sababu orodha ya mafaili hukaa mwanzoni mwa flashi, mahali palipo halisi.

Kwenye Windows ipime kwa programu ya H2testw: inaijaza yote kisha inaisoma tena. Kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde, GB 64 huchukua karibu saa moja na dakika 47 kuandika tu. TB 2 ingechukua zaidi ya siku mbili. Kwa hiyo kwa flashi kubwa tumia programu ya f3 kwenye Linux: f3probe --destructive --time-ops /dev/sdX huchukua muda mfupi, lakini inafuta kila kitu, na ukikosea herufi ya X utafuta diski yako. Hakikisha kwa lsblk kabla ya kubonyeza Enter. Ikigundua uongo, itakuandikia amri ya f3fix yenye namba ya sekta ya mwisho. Ukiitekeleza, flashi inabaki na ukubwa wake wa kweli.

Mafaili yaliyokwisha kuandikwa nje ya ukubwa huo hayarudi kwa programu yoyote. Nakili sasa yale yanayofunguka, kabla ya kipimo. Na kama shida yako nyingine, ile ya video ya GB 5 kukataliwa na flashi yenye nafasi tele, iko kwenye flashi ya zamani ya GB 16, hiyo haihusiani: imeumbizwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GB 4. Iumbize upya kwa exFAT.